Kabla ya dozi ya kwanza: mwongozo wa muuguzi kwa mguu wa kisukari na kiungo bandia chenye maambukizi

Muuguzi ndiye anayefungua bandeji wa kwanza. Daktari akifika, mengi yameshaamuliwa na nusu saa iliyopita: kidonda kilisafishwa kabla ya sampuli au baada yake? Dozi ya kwanza ya antibiotiki iliingia damu ikiwa imeshachukuliwa, au la? Kuna aliyeshika mapigo ya mguu?

Tumeyaweka maambukizi haya mawili pamoja kwa sababu bakteria anayetangulia katika yote mawili mara nyingi ni yule yule, Staphylococcus aureus, na kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote. Kidonda cha unyayo humwaga bakteria kwenye damu, na damu huwafikisha kwenye goti au nyonga ya bandia iliyokaa salama miaka mingi. Lakini mwendo wake ni tofauti. Mguu unaooza ukicheleweshwa saa chache, mgonjwa hupoteza mguu au uhai. Goti bandia linalouma kwa miezi, ukiwahi kumpa vidonge, umewaficha bakteria wasioteshwe maabara na umewaacha hai pale walipo. Kujua wapi ukimbie na wapi usubiri ndiyo kazi yenyewe.

Mguu wa kisukari

Anza na viatu. "Mama, naomba tuvue vyote viwili, na cha mguu mzima pia." Mguu unaoitwa mzima mara nyingi ndio wenye sugu iliyoficha damu chini yake. Angalia katikati ya vidole, kisigino, ukingo wa kucha, kisha ingiza mkono ndani ya kiatu: msumari wa katambuga uliochomoza, kokoto, mshono uliokunjamana. Mtu aliyekufa ganzi hutembea juu ya msumari siku nzima asijue.

Uliza pia amelala wapi na ameamka na nini. Dar es Salaam, Profesa Zulfiqarali Abbas na wenzake wameripoti wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku bila kuhisi. Jeraha la namna hiyo huonekana dogo juu huku maambukizi yakiwa yameshuka chini. Swali jingine lisilokwepeka ni la maji ya moto na makaa, maana wengi huloweka au kuota miguu ili "damu itembee" na kuungua bila kujua.

Hisia. Monofilamenti ya gramu 10, uzi mgumu wa nailoni, ndiyo chombo chake. Mwonyeshe kwanza kwenye mkono ajue inavyohisiwa, kisha afumbe macho. Gusa unyayo chini ya kidole gumba, kwenye mpira wa mguu usawa wa kidole gumba na usawa wa kidole cha mwisho. Bonyeza hadi uzi upinde, shikilia sekunde mbili, toa. Usibonyeze juu ya sugu wala kidonda. Kila sehemu uliza mara tatu, na mara moja kati ya hizo jifanye unagusa lakini usiguse. Akikosea mara mbili kati ya tatu, sehemu hiyo imekufa ganzi. Huna monofilamenti? Gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu kama unyoya, sekunde moja au mbili, ncha za kidole cha kwanza, cha tatu na cha tano kwa miguu yote miwili. Asipohisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, mchukulie kuwa amepoteza hisia. Usikandamize wala usisugue, kwa sababu hapo unapima kitu kingine.

Mapigo. Tafuta la juu ya mguu na la nyuma ya kifundo upande wa ndani. Kama hulipati, andika "halikupatikana", usiandike "dhaifu" kwa kubahatisha. Penye dopla, kifaa kinachosikiliza mwendo wa damu, gawanya presha ya kifundo kwa presha ya mkono. Kati ya 0.9 na 1.3 ni kawaida; chini ya 0.9 mishipa imeziba. Juu ya 1.3 si habari njema, bali mishipa imekakamaa kwa chokaa na namba hiyo haiaminiki. Presha ya kifundo chini ya mmHg 50, au uwiano chini ya 0.5, ni rufaa ya haraka kwa mpasuaji wa mishipa. Hatua hii huja kabla ya kushika kisu, kwa kuwa kukata nyama kwenye mguu usio na damu ni kuongeza ukubwa wa kidonda ambacho hakitapona.

Je, kuna maambukizi? Kidonda kuwa wazi hakutoshi, na kila kidonda kina bakteria juu yake. Tunasema kimeambukizwa panapokuwa na angalau mambo mawili kati ya haya: uvimbe au ugumu, wekundu unaozidi sentimita 0.5 kuzunguka kidonda, maumivu, joto, usaha. Kisipokuwa nayo, usichukue sampuli wala usitoe antibiotiki. Hazikiponyeshi, zinafuga usugu tu, na siku dawa itakapohitajika kweli haitafanya kazi.

Hapa kuna jambo linalowagharimu wagonjwa wetu. Maelekezo mengi husema "wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani. Unachokiona ni ngozi iliyozidi weusi au kuelekea zambarau, inayong'aa, iliyovutika hadi mikunjo imepotea. Tumia mgongo wa mkono wako kulinganisha joto na mahali pale pale kwenye mguu wa pili. Papasa ugumu kuanzia mbali ukielekea kwenye kidonda, na pale ugumu unapoanzia piga mstari kwa kalamu, andika tarehe na saa juu ya ngozi. Muuguzi wa zamu ijayo hatahitaji kuulizana na mtu kama umepanda au umeshuka.

Ukali wake umepangwa hivi. Hafifu: eneo lililobadilika halifiki sentimita 2 kutoka ukingo wa kidonda, na halijapita ngozi na mafuta ya chini yake. Ya kati: limefika sentimita 2 au zaidi, au limeingia kwenye kano, misuli, kiungo au mfupa. Kali: pamoja na maambukizi ya mguu kuna mambo mawili au zaidi kati ya joto la mwili juu ya 38 au chini ya 36, mapigo ya moyo zaidi ya 90, pumzi zaidi ya 20 kwa dakika, chembe nyeupe zaidi ya 12,000 au pungufu ya 4,000. Wenye kisukari wengi hawapandi homa hata mguu ukiwa umeoza. Sukari iliyokataa kushuka bila sababu inaweza kuwa dalili pekee, basi usimrudishe nyumbani kwa kuwa tu kipimajoto kimesoma 36.8.

Kuna mguu mmoja unaodanganya: umevimba, una moto, lakini hauna kidonda hata kidogo, na mgonjwa anautembelea. Fikiria mguu wa Charcot, mifupa inayovunjika kimya kimya kwa sababu ya ganzi. Mlaze, inua mguu dakika tano hadi kumi. Wekundu wa Charcot hupungua, wa maambukizi hubaki. Jaribio hili halimalizi ubishi, lakini linatosha kukufanya umzuie kukanyaga na uombe eksirei.

Kugusa mfupa

Kidonda kikiwa kimeshasafishwa, chukua chuma chembamba butu kilichotoka kwenye otoklevu, au forsepsi ndogo iliyofungwa mdomo, uingize taratibu kwenye sehemu ya ndani kabisa. Ukigonga kitu kigumu chenye mkwaruzo kama jiwe, mfupa umefikiwa. Kwenye kidonda chenye maambukizi, hilo pamoja na ESR (kipimo cha damu kinachopanda penye maambukizi au uvimbe) iliyopita 70 linatosha kumtilia mtu shaka kubwa ya mfupa kuoza. Eksirei ya leo ikionekana safi isikutulize: mabadiliko huanza kuonekana wiki mbili hadi tatu baada ya mfupa kushikwa. Omba nyingine baada ya muda huo. Kidole kilichovimba mwanzo hadi mwisho kama soseji nacho ni cha kupigwa picha.

Kuchukua sampuli bila kuiharibu

1. Osha kidonda kwa maji ya chumvi ya dripu, asilimia 0.9. Usimwagie spiriti, wala haidrojeni peroksaidi.
2. Ondoa sugu, usaha wa juu na nyama mfu hadi uone nyama inayotoa damu. Hii ni kazi ya aliyefundishwa, na ni kwa mguu wenye mapigo. Kidole kilichokauka, cheusi, kisicho na harufu wala majimaji, kwenye mguu usio na damu, kiache kikavu, kifunike, mwite daktari.
3. Badilisha glovu na vifaa. Hapa ndipo wengi huteleza: forsepsi iliyotoa usaha ndiyo hiyo hiyo inayochukua sampuli.
4. Kwangua au kata kipande cha nyama kutoka kwenye sakafu ya kidonda, ukubwa wa punje ya mchele au zaidi.
5. Kiweke kwenye kichupa kisafi kilichotakaswa, na matone machache ya maji ya chumvi kisikauke. Kamwe si formalini. Formalini ni ya kupima seli. Ikigusa kipande hicho bakteria wote wamekufa na maabara itajibu "hakuna kilichoota".
6. Andika "nyama ya sakafu ya kidonda, unyayo wa kushoto, baada ya kusafisha", saa, na kama amepewa antibiotiki. Neno "usaha" peke yake halimsaidii mtu wa maabara. Kifike ndani ya saa mbili.

Pamba ya kijiti iliyopitishwa juu ya kidonda kichafu huotesha wageni waliokaa juu tu, na daktari huishia kutibu wageni hao. Kama hakuna wa kukata nyama, safisha kwanza, kisha bonyeza kijiti kwa nguvu kwenye nyama safi kwa sekunde tano hadi majimaji yatoke. Ni afadhali, si sawa.

Mgonjwa wa kundi kali hasubiri haya yote. Kanula, damu ya kuotesha, sukari, ketoni za mkojo, kreatinini (kipimo cha figo), chembe za damu, kisha antibiotiki ya mshipa ndani ya saa moja. Damu ya kuotesha ichukuliwe sehemu mbili tofauti za mwili, mililita 8 hadi 10 kila chupa ya mtu mzima. Ngozi isafishwe kwa kloreksidini yenye spiriti na iachwe ikauke, mfuniko wa chupa nao upanguswe. Usiziweke chupa hizo kwenye friji. Mkumbushe daktari kuhusu metformini, kidonge cha kisukari: mtu mwenye sepsisi (maambukizi yanayoyumbisha mwili mzima) na figo zinazoyumba huwekwa kwenye insulini. Uliza pia sindano ya pepopunda.

Ngozi inayolia kama karatasi kavu ukiibonyeza, malengelenge meusi, harufu kali, au maumivu makubwa kwa mtu ambaye siku zote hana hisia: huyo anahitaji thieta usiku huu. Usaha uliofungwa ndani ya mguu hautoki kwa sindano. Antibiotiki haiogelei ndani ya nyama mfu.

Baada ya hapo kuna jambo ambalo bila hilo kazi yote inamwagika, nalo ni uzito. Mgonjwa hasikii maumivu, kwa hiyo atatembea. Kidonda cha unyayo kinachokanyagwa hakifungi hata kikisafishwa kila siku kwa mikono ya dhahabu. Plasta ngumu ya mifupa inayokumbatia mguu hadi chini ya goti ndiyo bora kwa kidonda cha mbele ya unyayo, lakini ifungwe na anayejua, na isifungwe juu ya maambukizi makali au mguu usio na damu. Pasipo nayo, tumia kiatu cha plasta kinachovuliwa, feliti (kitambaa kinene laini) iliyokatwa tundu kuzunguka kidonda, magongo. Mhesabie safari zake: kisima, choo, sokoni, shamba. Kaa na binti au mume mpange nani atachota maji kwa wiki sita zijazo. Agizo la "usitembee" bila mpango huo halina maana kwa mtu anayelisha familia.

Dawa hutumika wiki moja hadi mbili kwa maambukizi ya ngozi na nyama, na kama wiki sita kwa mfupa ambao haukukatwa. Acha dawa maambukizi yanapoisha. Usingoje kidonda kifunge. Pima urefu, upana na kina kila wiki, kwa rula ile ile. Eneo likishindwa kupungua kwa nusu ndani ya wiki nne, rudi mwanzo: damu, uzito, mfupa.

Kiungo bandia

Wagonjwa wa goti na nyonga bandia wanaongezeka. Taasisi ya Mifupa MOI pale Muhimbili na hospitali nyingine kubwa huzifanya, na mgonjwa hurudi kijijini, ambako atakutana na wewe. Si wazee tu. Nyonga zilizoharibiwa na selimundu huwaleta vijana.

Bakteria wakitua kwenye chuma au plastiki hujijengea utando. Ndani ya utando hugawanyika taratibu na dawa hushindwa kuwafikia. Utando mchanga unaweza kuondolewa kwa kuosha. Uliokomaa unaondoka na chuma chenyewe. Ndiyo maana siku zinahesabiwa: maambukizi yaliyojitokeza ndani ya wiki nne za upasuaji, au dalili zilizoanza ghafla zisizozidi wiki tatu kwenye kiungo kilichokuwa kizima, bado yana nafasi ya kuoshwa na chuma kikaachwa.

Mshono wa goti au nyonga bandia unaovuja zaidi ya saa 72 mpigie simu mpasuaji aliyemfanyia. Ukifika siku ya tano hadi ya saba bado unavuja, hiyo ni kesi ya thieta, hata kama majimaji ni maangavu na mgonjwa anatabasamu. Usiukamue. Usifungue nyuzi kituoni. Usichukue sampuli ya juu kwa pamba. Na usimpe amoksilini "wakati tunasubiri": hiyo ndiyo dozi inayofanya sampuli za thieta zisioteshe kitu, halafu mgonjwa akatibiwa kwa kukisia miezi mitatu.

Mgonjwa wa muda mrefu huja na kilio kingine: maumivu, goti limekakamaa, homa hakuna. Muulize swali hili: "Tangu ulipofanyiwa, kuna kipindi uliwahi kupona kabisa?" Anayejibu hapana, na aliyewahi kuvuja baada ya upasuaji, ni wa kushukiwa. Kitundu kwenye ngozi kinachotiririsha na kufika kwenye kiungo ni uthibitisho tosha. Usikizibe, na usiamini kinachoota kwenye pamba iliyochovywa mdomoni mwake.

CRP, kipimo kingine cha damu cha aina ya ESR, hupanda baada ya kila upasuaji, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka kwa wiki kadhaa. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Iliyoshuka ikapanda tena ndiyo inayopiga kengele. Kwa maumivu ya muda mrefu, CRP juu ya 10 na ESR juu ya 30 zinatosha kumpeleka kutolewa maji ya goti.

Maji hayo hutolewa na daktari kwa utaratibu wa thieta. Andaa kabla: kichupa chenye kizibo cha zambarau kwa kuhesabu chembe, maana maji yakiganda hayahesabiki, chupa za kuotesha damu, na kichupa kitupu kilichotakaswa. Goti lenye maumivu ya muda mrefu, maji yake yakiwa na chembe nyeupe zaidi ya 3,000, maambukizi yanatiliwa shaka kubwa. Mgonjwa asiye na sepsisi anapaswa kuwa hajameza antibiotiki kwa siku 14 kabla ya sampuli. Mwenye sepsisi hasubiri: damu, maji ya kiungo kama yanapatikana mara moja, kisha dawa.

Thieta, andaa vichupa vitano vyenye namba na seti tano za kisu na forsepsi, kila sampuli na chake. Kuvipunguza viwe viwili "kuokoa vifaa" kunaharibu jibu, kwa kuwa bakteria yule yule lazima aonekane kwenye sampuli mbili au zaidi ndipo asadikiwe. Iandikie maabara watunze vioteshwa siku 14. Cutibacterium acnes, mpenda bega, huota polepole na hutupwa siku ya tano kama hakuna aliyesema.

Matibabu ni kuosha na kubadilisha plastiki, au kubadilisha kiungo chote kwa mara moja, au kwa awamu mbili, saruji yenye antibiotiki ikishika nafasi katikati. Utafiti mkubwa wa Ufaransa uliochapishwa 2021 ulionyesha wiki 12 za dawa zinashinda wiki 6, hasa kwa waliooshwa chuma kikiachwa. Wiki 12 ni safari ndefu, na anayeisimamia ni wewe.

Dawa za kuchunga

Vankomisini gramu moja iende kwa dakika 60 au zaidi. Ukiikimbiza, mgonjwa hujikuna, hupata joto usoni na shingoni, presha hushuka. Simamisha, kisha anza tena polepole. Kreatinini ipimwe kila wiki. Seftriaksoni isichanganywe na dripu ya Ringer wala kalsiamu. Linezolidi ikipita wiki mbili, pima chembe za damu kila wiki. Siprofloksasini isimezwe pamoja na vidonge vya chuma au dawa ya kiungulia, na inaweza kushusha sukari; kotrimoksazoli pamoja na glibenklamidi, kidonge cha kisukari, nayo huishusha.

Rifampisini inastahili aya yake. Haitolewi peke yake hata siku moja, na haianzi mshono ukiwa bado unavuja, kwa sababu usugu huja ndani ya siku chache. Hupunguza nguvu za dawa nyingine: anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya moja, vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango havitegemewi, glibenklamidi na gliklazidi hulegea, sukari ikapanda. Mwambie mapema kwamba mkojo na machozi vitageuka rangi ya machungwa, la sivyo ataacha dawa siku ya pili.

Mwenye kiungo bandia na kisukari apewe agizo la maneno machache: kidonda chochote mguuni, hata cha kucha, aje siku hiyo hiyo, goti au nyonga ikianza kuuma ghafla akiwa na kidonda au homa, aje siku hiyo hiyo, asinunue dawa dukani.

Barua ya rufaa

Barua nyingi husema "septic foot, for further management" (mguu wenye maambukizi, kwa matibabu zaidi) na kuishia hapo. Yako iwe na haya: mguu au kiungo gani na upande gani, upasuaji ulifanyika lini na wapi, dalili zilianza tarehe ngapi, mapigo ya mguu yapo au hayapo, mfupa uligusika au la, mstari wa kalamu ulipigwa saa ngapi na sasa uko wapi, sukari, joto, presha, mapigo, pumzi, sampuli gani zimechukuliwa na ziko wapi, mzio, dawa zote za nyumbani, na za VVU pia. Mwisho, antibiotiki: jina, dozi, saa ya dozi ya kwanza. Kama hajapewa, iandike kwa herufi kubwa juu ya ukurasa, HAJAPEWA ANTIBIOTIKI, ili anayempokea awahi na sindano ya sampuli kabla mtu mwingine hajawahi na ya dawa.